Njia Isiyoota Nyasi

Mimi ni fundi viatu, na ni mtu wa kinyaa. Najua mambo hayo mawili hayaendani. Watu wananiletea viatu vilivyovaliwa miaka minne bila soksi, mimi navipokea kwa vidole viwili, navianika juani siku nzima, ndipo navigusa. Mke wangu alikuwa akinicheka. Aliniita Bwana Kinyaa mbele za wateja, na siku akiwa na hasira aliniita hivyo hivyo tukiwa wawili. Nayasema haya mapema ili usije ukanitetea huko mbele.

Yeye alikuwa mkaguzi wa njia. Ofisi ya wilaya yetu inasimamia bustani tatu za umma, msitu mdogo kando ya mto na nyanda mbili za nyasi, na kote huko kuna njia za miguu za watu kutembea, kuangalia ndege na kupumua hewa. Mara mbili kwa mwaka alizipita zote, akisukuma gurudumu la kupimia lenye kipini kirefu, akiandika daraja lipi limeoza, kibao kipi kimeanguka, mti upi unahitaji kupakwa upya ile alama ya njano inayomwonyesha mgeni pa kukata kona. Aliipenda kazi yake kupita kiasi. Alisema watu wa hapa wanajua njia ya dukani na njia ya hospitali, basi, wakati Mungu amewawekea mlangoni vitu ambavyo wengine wanapanda ndege kuja kuviona.

Siku za mapumziko nilikwenda naye. Yeye akichoka anakaa popote, juu ya jiwe, juu ya gogo, hata chini. Mimi natandika taulo kwanza, natafuta siafu, ndipo nakaa. "Huyu ndiye niliyeolewa naye," alikuwa akiwaambia ndege.

Mwaka ule ofisi ikaamua kuchapa kijitabu chenye ramani ya njia zote. Ilibaki moja tu ambayo haikuwa kwenye orodha yake na haijawahi kupimwa, ile ya uwanda wa nyasi ulio mwisho kabisa wa wilaya. Akaondoka Jumatatu asubuhi na dereva wa ofisi, kwenye pikapu, amebeba gurudumu lake, vigingi na chupa ya maji. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mimi nilishinda nabadilisha visigino vya viatu vya mwalimu mmoja wa jirani.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Aliporudi saa kumi alipitia humo humo, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaanza kunisimulia kabla hata hajanisalimia.

"Fundi, kule kuna njia. Hatukuitengeneza sisi. Imenyooka, upana wa mabega ya mtu, kilomita tatu na ushee. Nyasi kushoto na kulia zinanifika kifuani, lakini njiani hapajaota hata unyasi mmoja. Ardhi inang'aa."

"Ng'ombe hao."

"Hakuna kwato. Hakuna kinyesi. Hakuna nyumba karibu. Imekanyagwa na watu, na wamekanyaga haswa."

"Watu gani?"

"Si ndiyo nashangaa." Akatia mkono begini. "Nimekuletea zawadi."

Alikuwa na tabia hiyo. Kila alikopita, kitu chochote cha kufaa kwenye kazi yangu hakukipita. Nina boksi zima la bizimu za chuma, vipande vya mikanda na hatamu alivyoviokota miaka yote hiyo. Siku ile alinipa kipande cha ngozi. Kilikuwa na ukubwa wa viganja vinne, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kilaini, na kilikuwa na unyevunyevu kidogo. Alikikuta katikati ya njia, kimejikunja.

Fundi akipewa ngozi anainusa. Ngozi iliyotiwa dawa vizuri ina harufu yake, na iliyoharibika ina yake. Hii ilinuka kama ndani ya kiatu. Nilidhani imetoka kwenye kiatu cha mtu. Nikaigeuza. Upande mmoja ulikuwa laini, upande wa pili ulikuwa na mistari myembamba sana, imepangika. Nimeshona ngozi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata ya mamba mara moja, lakini hii sikuijua. Nilipaswa kusema hivyo. Ila fundi gani anapenda kumwambia mkewe hajui ngozi?

"Ndama," nikasema. "Ndama mchanga. Kitu safi hiki."

Na kwa kuwa soli za ndani za buti zake zilikuwa zimekwisha, nikaitandaza mezani jioni ile ile nikamkatia jozi. Kisu kiliingia bila sauti, kama kinakata kipande cha sabuni. Ngozi ikatosha jozi moja barabara, ukabaki uzi mwembamba tu. Nikazipaka gundi, nikazibandika, nikaziwekea uzito juu. Kesho yake alizivaa, akapiga hatua tatu karakanani, akacheka.

"Ah, Fundi! Mbona kama sijavaa kitu?"

Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi sana.

Wiki ya kwanza niliona tu kwamba hachoki. Zamani akirudi anavua buti mlangoni, anajitupa kwenye kiti, hataki kusemeshwa. Sasa akirudi anazunguka uani. Anazunguka nyumba. Unamwekea chakula anakula amesimama, akihamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Dereva alipokuja kushonesha mkoba wake aliniambia mkaguzi siku hizi hapandi gari wakirudi, anatembea nyuma yake. Nikamwambia mke wangu ni askari. Tukacheka, lakini yeye alicheka kidogo tu.

Kisha ikaja harufu.

Kwanza niliusingizia mtaro. Nikaufungua, nikaumwagia dawa, nikausugua. Halafu nikasingizia panya aliyekufa, nikasogeza kabati zote. Harufu ilikuwa inahama. Asubuhi iko jikoni, mchana haipo kabisa, jioni imejaa chumbani. Ilikuwa harufu ya jasho la mguu lililolala, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine kitamu kitamu, cha kuoza. Ukiipata puani unahisi umeila. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba inafuata buti za mke wangu.

"Zitoe nje zilale nje," nikamwambia.

"Nitazitoa kesho."

"Leo."

"Nimesema kesho."

Asubuhi nilipokunja blanketi nikaziona. Alikuwa amelala nazo. Shuka upande wake ilikuwa na doa la manjano, limeshikamana na kisigino cha buti, na alipovuta mguu likatoa sauti ya kubanduka. Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo mtu humwambia mnyama. Akaniambia, basi nenda kalale karakanani, Bwana Kinyaa. Nikaenda. Nilitandika godoro chini ya meza yangu ya kazi, katikati ya viatu vya watu, na niseme kweli, nilipata nafuu. Nikalala huko siku mbili bila kumuuliza hali.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Saa nne asubuhi, jua limejaa karakana nzima, aliingia akakaa kwenye kigoda cha wateja, akainua mguu wa kulia akauweka juu ya paja langu.

"Nivue," akanong'ona. "Hazitoki."

Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Nikavuta kisigino. Buti haikusogea hata kidogo. Nikavuta tena, yeye akateleza na kigoda chake mpaka magoti yetu yakagongana. Hakulia. Aliniangalia tu usoni, anaona jinsi ninavyobana pumzi.

Nikachukua kisu kilichopinda. Nikakata mshono mmoja mmoja kuzunguka buti, nikapasua ngozi ya juu, nikaifungua pande mbili. Nikaingiza bisibisi chini, nikang'oa soli ya mpira. Ikatoka na kunyonyoka, na ute ukavutika katikati kama gundi ambayo haijakauka. Mguu ukawa wazi. Soli ya ndani haikutoka.

Nikadhani ni gundi yangu. Akili ya fundi inakwenda huko. Nikalowesha kitambaa kwa petroli, nikafuta pembeni, nikatafuta ukingo wa ngozi ili nipate pa kuanzia. Hapakuwa na ukingo. Rangi ile ya chai iliyokolea ilianzia unyayoni, ikapanda pembeni mwa mguu, ikafunika nusu ya vidole, halafu ikaishia kwenye rangi ya mke wangu polepole, bila mpaka. Katikati ya vidole kulikuwa na utando mweupe, laini, wa kama sabuni iliyolowana. Kisigino kilikuwa na magaga, na ndani ya kila ufa kulikuwa na maji mazito ya manjano yaliyokuwa yakipanda na kushuka kwa mapigo. Mapigo yenyewe hayakwenda sawa na yale niliyoyaona shingoni mwake.

Nikausogeza mguu kwenye jua. Ndipo nikaiona ile mistari vizuri. Chini ya vidole ilijizungusha, ikapinda, ikafanya duara ndani ya duara. Nikaangalia kidole gumba changu. Nikaangalia tena mguu.

Nilikuwa nimeinusa ile ngozi. Nilikuwa nimeisifia. Niliilainisha kwa mate ya kidole changu ili kisu kipite.

"Ni unyayo," nikasema.

"Wa nani?"

Akainama, akanishika mkono wenye kisu. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini mguu ulikuwa wa moto.

"Sikiliza. Wewe unaparua ngozi mpaka inakuwa karatasi. Hakuna daktari mwenye mkono huo. Niparue mpaka unifikie mimi."

"Twende hospitali."

"Hakuna muda. Ikifika kwenye kifundo nitakwenda, na sitajua kurudi."

"Nani kakwambia?"

"Najua tu. Kama unavyojua una njaa. Nikikaa nawasikia wanapita."

Ilikuwa imebakiza upana wa kidole kimoja kufika kwenye kifundo.

Nikaanza. Nilinoa kisu, nikakilaza, nikaingia pale kisigino kilipo kinene. Tabaka la kwanza likatoka refu, limejikunja, bila damu. "Unasikia maumivu?" Akatikisa kichwa. Nikaendelea mpaka vidoleni. Chini yake kulikuwa na unyayo mwingine.

Ulikuwa mpana kuliko wa mke wangu, bapa, na una kovu la mwiba wa zamani katikati. Mguu wa mwanamume. Nikauparua nao. Chini yake kulikuwa na mwingine, mwembamba, wenye ukucha wa kidole kidogo uliooza na kuwa mweusi. Nikauparua. Wa nne ulikuwa na matundu ya funza, mengi, yamejaa kitu cheupe kilichotoka chenyewe nilipopitisha kisu. Wa tano ulikuwa wa mtoto. Ulikuwa mdogo mno kuufunika mguu wa mtu mzima, kwa hiyo ilikuwa miguu miwili ya mtoto, imewekwa ubavu kwa ubavu, na imeshikana katikati.

Maparuo yalijaa aproni yangu. Yalikuwa yamelowa. Yalijikunjakunja polepole, na mimi nikajiambia kila ngozi inayokauka hujikunja.

"Umenifikia?"

"Bado."

"Endelea."

Wa sita. Jasho lilikuwa likiniingia machoni. Nikajifuta kwa mkono, bila kufikiri, mkono ule ule. Kitu chembamba kikaning'inia mdomoni. Nikavuta pumzi kwa mshtuko. Kikaingia.

Kilikuwa cha chumvi. Kilikuwa cha uvuguvugu. Kiligusa ulimi, kikajinyoosha.

Nikatapika. Nilitapika chini, kwenye viatu vya wateja, kwenye mikono yangu mwenyewe. Nikasimama. Kisu kikaanguka. Yeye akanishika aproni kwa mikono miwili.

"Usiniache," akasema. Hakuwa akinong'ona tena. "Usikate, basi. Acha kukata. Ushike tu mguu. Ushike nisiende."

Nikautazama. Ulikuwa juu ya kigoda changu, umelowa, unapiga yale mapigo yake. Rangi ilikuwa imegusa kifundo. Kuushika tu. Ndicho alichoniomba. Kuukumbatia ule mguu kwa mikono miwili na kukaa.

"Ngoja ninawe," nikasema.

Nikaivuta aproni kutoka mikononi mwake.

Bomba liko uani, hatua kumi kutoka mlangoni. Nilinawa mikono. Nilisukutua mdomo. Nilitia sabuni mdomoni nikasugua ulimi kwa kidole, nikatema, nikasugua tena. Nikiwa nimeinama pale niliwasikia. Kule ndani watu walikuwa wakitoka chumbani, wengi, bila viatu, bila haraka, mmoja nyuma ya mwenzake. Nilisikia nyayo zilizolowa zikibanduka sakafuni. Niliwasikia vizuri kabisa. Na mimi niliendelea kunawa.

Niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Maparuo yote yalikuwa yametoweka, hata yale yaliyokuwa yamenishika kwenye aproni. Matapishi yangu yalikuwa pale pale sakafuni, na katikati yake mtu alikuwa amekanyaga. Unyayo ulikuwa mdogo, wa mtoto wa miaka mitatu au minne.

Nilimpigia simu dereva. Alifika haraka, akanisikiliza akiwa bado ameshika usukani. Alisema, "Ameenda kule. Panda."

Njiani nilimwuliza amejuaje. Aliongeza mwendo kwanza. Yeye alikuwa mwenyeji wa upande ule wa wilaya, na alikuwa akiniita shemeji kwa sababu mke wangu alimchukulia kama mdogo wake.

"Shemeji, kwetu pale watu wanavua viatu. Ukifika kwenye ile njia unavua, unakatiza haraka, unavaa ng'ambo. Ukimuuliza mama kwa nini, anakwambia vua tu. Na hatuokoti kitu."

"Ulimwona akiokota?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje bosi avue buti, wakati karatasi ya usalama kazini, inayosema buti ni lazima, nimeisaini mimi mwenyewe? Ningeonekana mshamba." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilikaa garini. Nilisema, pengine ni mambo ya wazee tu."

Tulifika saa saba mchana. Jua la utosini, upepo hakuna, ndege hawasikiki. Dereva akavua viatu na soksi akaviacha kwenye kiti cha gari. "Vua," akaniambia, akatangulia. Nikamfuata nimevaa viatu vyangu mpaka ukingoni.

Ilikuwa kama alivyonisimulia mke wangu. Nyasi ndefu za manjano pande zote mbili, na katikati ile njia, imenyooka mpaka macho yanachoka. Haikuwa imenyesha mwezi mzima, lakini ardhi ilikuwa na unyevu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Nikainama nikaiangalia kwa karibu. Ilikuwa na mistari.

Nikavua kiatu kimoja. Nikaweka mguu.

Njia ilikuwa na joto. Ilibonyea kidogo chini ya kisigino changu, halafu ikarudi juu, ikanisukuma. Kitu chenye ute kikapanda katikati ya vidole vyangu. Harufu ikapanda nacho. Na mapigo. Yalikuwa yale yale.

Mbele, mbali, nyasi zikaanza kuinama. Zilikuwa zinainama kushoto na kulia kwa mstari, kama zinavyofanya watu wakipita katikati. Sikuweza kujua wanakuja au wanakwenda. Sikuona mtu.

"Muite," dereva akaninong'oneza sikioni. "Muite jina lake. Yupo karibu. Muite sasa hivi."

Nikafungua mdomo. Ladha ile ikarudi. Chumvi, uvuguvugu, kitu kikijinyoosha ulimini. Mdomo ukafunga wenyewe. Nikautoa mguu njiani, nikaupangusa kwenye nyasi. Nikang'oa nyasi konzi nzima nikaupangusa tena, katikati ya vidole, kisigino, tena na tena, mpaka ngozi ikauma. Nikavaa kiatu. Nikafunga kamba.

Nilipoinua kichwa nyasi zilikuwa zimesimama.

Dereva alikuwa ameziba mdomo kwa viganja.

"Alikuwa wa mwisho," akasema. "Alisimama. Aligeuka."

Nikakaza kamba za kiatu.

"Shemeji, alikuwa anakuangalia ukijifuta."

Polisi walitafuta wiki tatu. Waliuliza maswali ambayo wangemuuliza mume yeyote, na nikayajibu yale niliyoweza. Mbwa wao walifika ukingoni mwa njia wakalala chini, wakaanza kulamba ardhi, ikabidi waburutwe kwa minyororo. Kijitabu cha ofisi kimetoka, kizuri, kina picha za ndege, na njia ile imo, kilomita tatu nukta mbili, na chini yake wameandika inafaa kwa familia. Nilikwenda kuwaomba waiondoe. Mkuu wa ofisi alinipa pole, akaniuliza sababu, na sikupata sentensi ya kumwambia. Dereva aliacha kazi, siku hizi yuko kwenye mashine ya kusaga nafaka. Tukikutana ananipita bila salamu, na ana haki.

Karakana bado inafanya kazi, kwa sababu mtu lazima ale. Nilirudi kulala chumbani kwetu mwezi wa pili tangu aondoke. Ilikuwa mwezi wa nne nilipojikwaa nikiingia chumbani mchana, sakafu ile ile ninayoijua miaka kumi na sita. Nikainama, nikaipapasa. Saruji ilikuwa imebonyea. Bonde jembamba, laini, upana wa mabega ya mtu, linaanzia mlangoni, linazunguka kitanda upande wa mke wangu, linakuja mpaka upande wa miguuni, na hapo linakoma.

Nikamwita mwashi. Ni mzee wa kazi, si mtu wa maneno mengi. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya lile bonde, akaweka mwiko, akatazama mwanga chini yake.

"Hii haijapasuka," akasema. "Imelika. Nimeona hivi kwenye ngazi za shule ile ya zamani. Miaka sitini watoto wanapanda na kushuka."

"Unaweza kuliziba?"

"Naweza." Akanitazama. "Mnaishi wangapi humu?"

"Mimi peke yangu."

Aliziba, akasawazisha, akasubiri ikakauka, akaondoka. Baada ya siku kumi na mbili bonde lilikuwa limerudi, limeongezeka kina cha kidole, na pale miguuni pa kitanda palikuwa pamepanuka. Pametanuka duara, kiasi cha watu kusimama bega kwa bega. Nimemwita mara mbili tangu hapo, hapokei simu yangu.

Sihami. Watu wananiambia nihame, dada zangu wameshanitafutia chumba. Sihami kwa sababu, kati ya hao wote wanaosimama pale, mmoja ni mke wangu, na aliniomba kitu kimoja tu. Kila ninapolala najiambia leo nitaiacha miguu nje ya shuka, aishike. Na naiacha. Nahesabu pumzi. Hewa ya pale chini inaanza kuwa ya uvuguvugu, nyayo zangu zinaisikia, na najua kuna mtu ameinama.

Halafu naikunja miguu.